Ukiwa mrefu Tanzania unawekwa golini

Hakuna anayekuuliza. Unafika kiwanjani na miguu yako mirefu, wanaochagua timu wanakuangalia mara moja tu, "we dogo kaa golini", basi maisha yako ya soka yameshapangwa hapo hapo. Mimi nilikaa golini Tandika kuanzia darasa la tano mpaka form two, magoli yenyewe mawe mawili, mpira wa makaratasi na kamba, yaani chandimu kabisa, na jina nililopewa ni Mlingoti. Sikuwa kipa mbaya jamani. Mipira ya juu nilikuwa naichuma kama embe. Shida ilikuwa ya chini, ile shuti ya kuburuza inayopita karibu na kifundo cha mguu, mpaka mwili wote huo ushuke chini mpira umeshapita zamani na watu wanashangilia, na tobo nilizopigwa kipindi kile sitaki hata kuzihesabu.

Form two mwalimu wa michezo akaniita pembeni akanipima kwa macho kuanzia viatu mpaka kichwa. "Wewe, kuanzia Jumatatu njoo kiwanja cha kikapu. Golini watatafuta mtu mwingine." Nikasema sawa mwalimu, manake ungesema nini kingine. Ndo hivo nikahama mchezo, bila kutaka na bila kuulizwa, na ndo maana hii mada ya kwamba mchezaji wa kikapu anaweza kuhamia mpira mwingine au wa huko akaja kwetu huwa inanigusa kuliko inavyotakiwa kumgusa mtu mzima mwenye kazi zake.

Disemba iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja likizo kutoka Columbus, Ohio. Kakulia kule, na Ohio bana wanaabudu ule mpira wao wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya bandia, sio huu wetu. Jioni tunatoka kijiweni kunywa kahawa na kashata, siku moja akafungua klipu kwenye simu, ya Mei 2024, Austin Rivers anaongea. Kwa asiyemjua, Rivers kacheza NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, misimu 11, ni mtoto wa kocha Doc Rivers. Alichosema ni kwamba anaweza kuchukua wachezaji 30 wa NBA sasa hivi akawatupa NFL, ligi kuu ya hiyo futiboli yao ya helmeti, na wakacheza, ila wewe huwezi kutoa 30 kutoka NFL ukawaleta NBA. Marekani ikawaka moto, J.J. Watt, lile jitu la kukaba lililostaafu, likaingia mtandaoni kumjibu, na kila mwenye maiki akawa na la kusema.

Mzee mmoja pale kijiweni alikuwa anasikiliza tu, akaweka kikombe chini.

"Hebu ngoja kijana. Huo mpira wanaushika kwa mikono?"

"Ndio mzee."

"Na wenyewe wanauita wa miguu?"

"Ndio mzee."

"Basi kabla hawajabadilisha wachezaji wabadilishe jina."

Tulicheka sana ila ubishi haukuisha, uliendelea mpaka muuza kahawa anakusanya vikombe. Dogo anasema Rivers kaongea pumba, mimi nasema Rivers kapatia jibu ila njia kakosea, kama mwanafunzi aliyechungulia kwa jirani. Nikamwahidi nitaandika, sasa haya ndo maandishi yenyewe dogo, soma ukiwa na nafasi.

Anza na Antonio Gates, manake ukiongelea hii mada bila Gates hujaongea kitu. Mtoto wa Detroit. Alikuwa chuo cha Kent State, kule alicheza kikapu tu, futiboli ya chuo hakucheza hata mechi moja, na mwaka 2002 yeye na wenzake walikifikisha kile chuo kidogo mpaka robo fainali ya mashindano ya vyuo ya Marekani nzima. Urefu wake ni sentimita 193. Na mimi ni 193, hiyo ndo sehemu pekee tunayofanana. Maskauti wa NBA wakamwangalia wakaona huyu anacheza chini ya ringi kama mtu wa mita mbili na zaidi ila hizo sentimita hana, hawakuona pa kumweka. Mwaka 2003 akasaini na San Diego Chargers bila hata kuchaguliwa kwenye drafti, ile siku timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, wakampanga nafasi inayoitwa taiti endi, na mpaka anaacha alikuwa na tachidauni 116, yaani mabao ya mchezo ule, hakuna taiti endi yeyote mwenye nyingi kuliko hizo, na 2025 wakamwingiza kwenye jumba la magwiji wa mchezo huo.

Taiti endi ni mtu gani? Kwa lugha ya kwetu ningesema ni nusu kuli nusu straika. Mara anasukumana na mijitu ya kilo 120 ili mwenye mpira apate njia, mara anachomoka mwenyewe anaenda katikati ya watu kupokea mpira wa juu. Sasa mtu aliyewahi kucheza kikapu chini ya ringi akisikia hiyo kazi anaijua. Shuti ikipigwa wewe huangalii mpira kwanza, unamtafuta mtu wako kwa makalio, unamkalia, unapanua miguu unambana asipite, halafu ndo unaruka unaukamata mpira ukiwa kwenye kilele kabisa kabla yeye hajajipanga. Gates alikuwa anafanya hivo hivo tu ila juu ya nyasi. Beki wa sentimita 180 anamkaba mgongoni, atafanya nini, atapanda ngazi?

Na sio yeye peke yake. Tony Gonzalez alicheza michezo yote miwili pale Chuo Kikuu cha California, akaingia NFL 1997, naye taiti endi, naye yuko jumba la magwiji. Jimmy Graham alicheza kikapu miaka minne Chuo Kikuu cha Miami, akaongeza msimu mmoja tu wa futiboli, 2010 Saints wakamchukua. Julius Peppers yeye alikuwa upande wa kukaba, na mwaka 2000 alikuwepo kwenye kikosi cha kikapu cha North Carolina kilichofika nusu fainali ya vyuo. Ukiangalia hiyo orodha unaona kuna mlango na watu wanapita, sema mlango wenyewe ni mwembamba na uko sehemu moja ya nyumba. Hakuna aliyetoka kwenye kikapu cha chuo akaenda kuwa kotabeki hivi hivi, manake kotabeki, yule anayeongoza timu na kurusha mpira, anatakiwa asome watu 11 waliopangwa mbele yake ndani ya sekunde chache huku kuna majitu yanamkimbilia kumvunja mbavu. Na hata huo mlango wa taiti endi haupitiki kwa kila mtu, Rico Gathers alikuwa mkali wa ribaundi, kudaka mipira iliyokosa ringi, kweli kweli pale Chuo Kikuu cha Baylor, Cowboys wakamchukua 2016, mwili ule ule wa kutisha, haikuwa kitu.

Hapa ndo napomkosoa Rivers. Yeye anasema wachezaji wa kikapu ni wanamichezo bora zaidi, ndo maana wanaweza kuhama. Mimi nasema kikapu ndo kinafukuza watu. Piga hesabu: NBA ina timu 30 na kila timu watu 15, hao ni 450. NFL timu 32 mara watu 53, wanafika 1,696. Halafu wastani wa urefu NBA unacheza kwenye sentimita 198 hivi, kwahiyo mtu wa 193 mwenye kilo 110, mwenye mbio na mikono kama koleo, kule ni mfupi. Mfupi jamani. Njoo naye Kariakoo watu watasimama kupiga picha, ila NBA wanamwambia samahani kaka nafasi yako hakuna. Sasa huyo mtu aende wapi? Anaenda wanapohitaji mwili kama wake, na NFL wanahitaji miili hiyo kwa mamia. Upande wa pili haiwi hivo, manake wa NFL akikosa namba hawezi kuongeza sentimita 10 akaja kukaa chini ya ringi, na akitaka kucheza pembeni kama gadi anakuta watoto ambao wamelala na mpira kitandani tangu wana miaka sita.

Dogo akasema, sawa, vipi kuhusu Iverson? Swali zuri, na nilijua litakuja. Allen Iverson pale Bethel High School, Hampton, Virginia, msimu wa 1992 na 1993 alikuwa kotabeki wa shule na ikabeba ubingwa wa jimbo, halafu msimu ule ule wakabeba na ubingwa wa jimbo wa kikapu. Mtu mmoja. Na 1996 akawa chaguo la kwanza kabisa kwenye drafti ya NBA. Charlie Ward yeye ndo kituko zaidi, mwaka 1993 alichukua tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo Marekani nzima, akiwa kotabeki wa Florida State, halafu NFL hakuna timu iliyomchagua, Knicks wakamchukua namba 26 mwaka 1994 na akaishi NBA mpaka 2005. Nate Robinson, ka-mtu ka sentimita 175, alianza kama beki wa futiboli Chuo Kikuu cha Washington, akaja kubeba ubingwa wa dunki mara tatu.

Lakini angalia vizuri hao watu. Hakuna aliyehama hapo. Iverson hakuhama, Iverson alichagua. Alikuwa na michezo miwili mkononi tangu mtoto, ikafika siku akaacha mmoja. Hata Gates wangu niliyemsifia kule juu, high school alikuwa mkali wa futiboli, mwanzo kabisa alienda Michigan State akitaka kucheza vyote viwili, kocha Nick Saban akataka aache kikapu, akagoma akaondoka. Kwahiyo Chargers walipompa helmeti hawakumpa kitu kigeni, walimrudishia kitu alichokisahau kidogo. Mfumo wao wa shule unaruhusu hayo mambo, futiboli inachezwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ikiisha kikapu kinaanza, ikiisha besiboli, mtoto mmoja anapita kote. Kwetu UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukichaguliwa kikapu na soka wiki hiyo hiyo unachagua kimoja, na kawaida anayechagua ni mwalimu.

Kuhama kwenyewe kwenyewe, yaani mtu mzima anatoka mchezo anaoujua anaenda asioujua, ni kitu kingine kabisa na ni kigumu mno. Michael Jordan, mwanadamu yule yule aliyetoka kubeba ubingwa mara tatu mfululizo, mwaka 1994 akaenda kucheza besiboli ligi ya chini na Birmingham Barons, wastani wake wa kupiga ukawa .202, yaani kila mara kumi anazosimama kupiga anafanikiwa mara mbili tu, na hiyo sio ligi kuu. Usain Bolt 2018 akaenda Australia kujaribu soka na Central Coast Mariners, akafunga mabao mawili kwenye mechi ya kirafiki, dunia nzima ikapiga kelele, mkataba hawakuelewana na akaondoka. Binadamu mwenye mbio kuliko wote waliowahi kupimwa! Nate Robinson huyo huyo, 2016 akiwa na miaka 32, akaenda kujaribiwa na Seahawks kurudi futiboli, wapi. Baadaye akajaribu na ngumi, Novemba 2020, hiyo tuliiona wote na tumuache mwenzetu apumzike.

Anayenipa moyo ni Jordan Mailata. Jamaa wa Australia, alikuwa anacheza ragbi, mita mbili na ushee, futiboli ya Kimarekani hajawahi kuicheza hata siku moja maishani. Eagles wakamchukua 2018 raundi ya mwisho kabisa ya drafti. Misimu miwili ya kwanza hakugusa mechi, alikuwa anajifunza na kuuguza mwili, mechi yake ya kwanza ni 2020. Sasa hivi ni mmoja wa wazibaji bora wa ligi nzima, wale wanaomkinga kotabeki, na Februari 2025 kabeba Super Bowl, yaani ubingwa wa NFL. Kwahiyo inawezekana, ila angalia masharti yake: mwili ambao haupatikani, timu iliyokubali kukulipa miaka miwili bila kukutumia, na nafasi ambayo mpira wenyewe huugusi.

Na sisi Afrika Mashariki tuna wetu, Daniel Adongo, Mkenya, alikuwa mchezaji wa ragbi wa kulipwa mpaka Indianapolis Colts wakamchukua mwaka 2013, Mkenya wa kwanza NFL. Alicheza mechi chache tu, kisha 2015 wakamwacha. Watu kule nyumbani wakasema kashindwa. Kashindwa nini? Ile ragbi unacheza unavyoona, mpira unatembea, unakimbia unaufuata. Futiboli yao wana kitabu kinene cha michoro, kila mchezo mtu ana hatua zake, unakariri kama mtihani wa taifa, na wenzako wamekariri tangu wana miaka kumi. Mimi naona kufika tu pale na kuvaa ile jezi siku ya mechi ni maajabu.

Nisimsahau LeBron manake dogo alinishikia bango. High school Akron alicheza futiboli, mpokeaji, na alikuwa mzuri wa kuchaguliwa kikosi bora cha jimbo. Wamiliki walipofungia ligi ya NBA 2011 alianza kuwaza kurudi, na mwenyewe amesimulia kwamba Dallas Cowboys walimtaka. Angeweza? Mimi nasema 2011 ndio, mita mbili na ushee, kilo 113, mikono ile, karibu na goli hakuna wa kumzuia. Sema angeharibiwa. Jamaa wa NFL wanakupiga chini, magotini, na mtu wa mita mbili ana mguu mrefu wa kupigwa. Halafu pesa. Mkataba wa NBA ukisaini pesa kwa kiasi kikubwa ni yako hata ukivunjika, NFL wanaweza kukukata na sehemu kubwa ya ile namba uliyoisoma gazetini usiione. Mtu aache mkataba kama ule aende kuvunjwa goti ili athibitishe tu kwamba Rivers yuko sahihi? Hata mimi nisingeenda, na mimi nalipwa mshahara wa halmashauri.

Haya turudi kwenye mpira wetu, manake yule mzee wa kijiweni aliuliza swali lake la pili na lilikuwa zito kuliko yetu yote. Akasema nyie mnaongea ya Wamarekani, niambieni, akina Diarra wa Yanga hawa wanaweza kwenda kucheza hicho kikapu?

Soka na kikapu vinatazamana kwa mbali. Soka haijali urefu, Messi ana sentimita 170, Peter Crouch ana 201, wote wamekula mkate. Lakini miguu ya soka haipatikani ukubwani. Ile kugusa mpira mara ya kwanza ukatulia inajengwa utotoni tu, na ndo maana sioni mtu wa NBA akija kucheza namba nane popote pale, hata kwenye ndondo ya mtaani kwetu. Kilichobaki ni golini. Na hapa watu wengi wanadhani golini ni rahisi kwa mrefu, wanasema goli lina urefu wa mita 2.44 na upana mita 7.32, chukua mtu wa NBA anyooshe mikono amejaa. Mbona basi makipa wakubwa wengi wanaishia kwenye mita mbili za Courtois? Kwa sababu ya yale yaliyonipata mimi Tandika. Mpira wa chini. Mtu wa sentimita 210 kutoka kusimama mpaka kulala chini ni safari, na mashuti ya siku hizi hayasubiri abiria.

Kutoka soka kwenda kikapu ndo kuna hadithi nzuri, ila zote ni za utotoni. Hakeem Olajuwon alikuwa kipa na mchezaji wa mpira wa mikono Lagos, kikapu kakianza ujanani, akaja kuwa chaguo la kwanza 1984 na kubeba ubingwa 1994 na 1995, na ile miguu yake ya kuwazungusha watu chini ya ringi mwenyewe alisema kaitoa kwenye soka. Steve Nash baba yake alikuwa mwanasoka wa kulipwa, yeye akawa MVP, mchezaji bora wa msimu wa NBA, mara mbili. Embiid alikuwa anacheza voliboli na soka Yaoundé, kikapu miaka 15, MVP 2023. Marehemu Mutombo, Mungu amrehemu, kutoka Kinshasa mpaka Georgetown mwaka 1987 alienda na nia ya kusomea udaktari, sio kucheza.

Na wetu, Hasheem Thabeet. Najua mnataka kucheka. Kila ikifika wakati wa drafti Wamarekani wanamtoa kama mfano mbaya, namba mbili 2009, mbele ya Harden aliyekuwa namba tatu na Curry aliyekuwa namba saba, halafu akatoka NBA 2014 bila kuacha alama. Sasa jiulize huyu mtu kaanza lini. Mtoto wa Dar, kashika mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mrefu, wenzake waliochaguliwa naye walikuwa wana miaka kumi na zaidi ya kucheza. Ndani ya muda mfupi kafika UConn, kawa mkabaji bora wa ligi yao ya Big East mara mbili mfululizo, kafika nusu fainali ya vyuo, kachaguliwa wa pili duniani. Alichokuwa nacho kilifika haraka: urefu wa sentimita 221 na kujua muda wa kuruka kuzuia shuti. Kilichohitaji miaka hakikuwahi kupewa miaka. Memphis walimpeleka ligi ya chini kwenye msimu wake wa kwanza tu, lakini kule anatakiwa kujifunza huku kila mtu anamhesabia pointi. Mailata walimpa misimu miwili ya kukaa kimya. Mimi simcheki Hasheem, na anayemcheka namuulizaga wewe ulianza kazi yako ukiwa na miaka mingapi ya uzoefu.

Mimi mwenyewe nilipohamia kikapu kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba mikono haikuwa na shida. Nilidaka kila kitu. Nilichokosa ni macho. Kipa dunia yake yote iko mbele, mpira unakuja kwako, nyuma kuna nyavu tu. Kwenye kikapu hatari inatoka mgongoni. Siku ya kwanza nimeenda kucheza na wakubwa Don Bosco Upanga nikawa namkimbiza mtu wangu kwa furaha zote, sikusikia mtu akipiga kelele "skrini!", yaani kuna mtu kasimama kama ukuta kunizibia njia, nikajibamiza kwenye kifua cha jamaa mmoja mnene, nikalala chali naangalia anga la Upanga. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujifunza kusikia nyuma yangu.

Halafu kuna siku nikarudi upande wa pili. Nilikuwa na miaka 26, ndondo ya mtaani, kipa wetu kaamka na malaria, jamaa wakakumbuka kwamba Mlingoti alikuwa kipa. Nikaingia na viatu vyangu vya kikapu. Dakika ishirini za kwanza nilikuwa mfalme, krosi nadaka kwa mkono mmoja, mashabiki wanapiga vuvuzela, mpaka nikaanza kuwaza nilikosea kuacha. Ikapigwa kona. Nikaruka juu ya watu wote, na hapo mwili ukafanya kitu ambacho sikuutuma: badala ya kuupiga ngumi mpira uende mbali nikaugusa kwa ncha za vidole, taratibu, kuuelekeza kwa mwenzangu aliyesimama karibu, kama ribaundi. Miaka kumi ya kikapu hiyo. Kwenye kikapu ule mguso ni akili, umewabakizia timu mpira. Golini ule mguso unaitwa pasi ya bao. Straika wao alikuwa amesimama pale kama kaagizwa. Tukafungwa 3-1, na mengine mawili yalikuwa ya chini kama kawaida yangu.

Kwahiyo dogo nikikwambia Rivers kakosea njia ndo namaanisha hicho. Wanapiga hesabu za mwili tu, nani anaruka, nani ana kilo ngapi, hawahesabu yale yanayofanyika kabla hujafikiri.

Mtaani kwetu sasa hivi kuna dogo wa miaka 13, kashampita mama yake kwa kichwa kizima, na bila shaka unajua wamemweka wapi. Namwonaga jioni nikitoka kazini, mipira ya juu anachuma, ya chini anapigwa. Wiki mbili zilizopita nikasimama nikamuita, nikamwambia Jumamosi kuna mazoezi ya kikapu, njoo ujaribu, golini usiache, jioni endelea na wenzako. Akauliza, "Bro, kule nadaka?" Nikamwambia unadaka mpaka uchoke. Nikaenda kwa mama yake kuomba ruhusa, dada wa watu akaniangalia akasema, "Kaka yangu mimi sina neno, ila huyo mguu wake ni 45 na bado anakua, hivyo viatu ananunua nani?"

Jumamosi asubuhi tukaenda Mchikichini kwenye mitumba. Tumezunguka saa mbili nzima, kila meza 42, 43, mwisho 44, mpaka mzee mmoja kule ndani kabisa akatoa jozi moja 46 kutoka chini ya meza, nyeusi, raba za kikapu kweli. Akataka elfu 70, tukashushana mpaka elfu 45. Ya kushoto soli ilikuwa imeachia mbele kidogo, fundi wa pale nje akaibandika na kuishona kwa elfu tatu, na dogo akakataa kabisa kuzivua, akatoka nazo mguuni na kandambili zake kwenye mfuko.